Ajira Arobaini na Moja

Bwana Msanjila wa chumba namba tisa
hula ubuyu kuanzia saa nne mpaka saa sita.
Ule mwekundu, wa pakiti ya mia mbili.
Hufyonza, hutema. Hufyonza, hutema.
Ndoo ya taka iko hatua mbili toka kitini pake,
tupu, inang'aa,
maana niliyeiosha ni mimi.

Jumatatu nilimtazama tu.
Akacheka, midomo myekundu, akasema:
"Jobu kriesheni, mama. Jobu kriesheni."

Nikalibeba neno hadi Nkuhungu, pamoja na mkate.
Wendo, yuko kidato cha pili, akanitafsiria:
"Anasema anawatengenezea watu ajira."
Watu gani?
Akainamisha macho kwenye daftari lake.

Kumbe.
Miaka kumi na moja nafagia
sijui kwamba naajiriwa kwa mate.

Jumanne nikapiga magoti, nikazihesabu.
Mbegu arobaini na moja.
Ajira arobaini na moja juu ya zulia moja,
na mshahara mmoja, wa mwezi wa saba,
ambao kampuni inasema uko kwenye mchakato.
Huu ni mwezi wa tisa.

Upepo wa Dodoma nao ni mwajiri.
Kila alasiri hupenyeza vumbi chini ya milango,
haubagui chumba cha mkurugenzi wala choo,
nami hurudia korido nzima toka mwanzo.
Lakini upepo sijawahi kuusikia ukijisifu.

Na baba, kule Ihumwa, wakati wa kiangazi,
alichimba mchanga wa korongo hadi maji yatoke.
Ng'ombe wakishakunywa, aliacha kata juu ya jiwe
kwa ajili ya atakayefika nyuma yake, yeyote.
Hilo sijui kwa Kiingereza linaitwaje.
Sijamuuliza Wendo.

Leo nimeziosha mbegu, zimekauka.
Nimezitia kwenye bahasha ya kaki,
nimeandika: Bw. Msanjila, Chumba Na. 9,
nikazipitisha masijala, kwa utaratibu.
Nyanjige hakufungua. Aligonga muhuri, IMEPOKELEWA,
akaingiza namba kwenye rejista,
akampa tarishi, tarishi akampelekea asaini.

Watu watatu wamepata kazi asubuhi hii.

Nilisikia bahasha ikichanika,
kisha mbegu zikidondoka mezani, chache, halafu zote,
kisha sauti yake koridoni: "Nani? Nani huyu?"

Mimi nilikuwa chumba namba kumi.
Nafagia.