Hapo Huruka

Alhamisi, Fakhruddin akishafunga duka lake la misumari,
twaingia kwa mlango wa nyuma, kati ya mabati na mapipa ya rangi,
kila mtu na santuri moja kwapani.
Moja tu. Ukileta mbili umekuja kujionyesha.

Nyevu hutoka zamu, wodi ya wazazi,
mikono bado yanuka dawa.
Yake aliipata mnadani, hoteli ya Mtaliano ilipofungwa,
pamoja na mashuka sita na kioo chenye ufa:
kinanda peke yake, mpigaji kama mtu
anayetafuta ufunguo mfukoni, mvua ikimnyea.
Ya Fakhruddin ni urithi wa ami yake,
imepindwa na jua la Malindi,
yazunguka ikiinuka na kushuka
kama kifua cha aliyelala.
Mimi, fundi wa friji, nina tarumbeta.
Mkanda wa gramafoni tumeuazima kwa cherehani.
Sindano ni hii hii. Ikifa, hatujui.

Hatusemi mpaka upande uishe.
Kisha twasema mno.
Nyevu: "Huyu wa ngoma hapigi, anafagia."
Fakhruddin: "Anafagia, ndiyo, lakini vumbi analiacha makusudi."
Mimi naleta hoja yangu ya shaba na joto la shaba.
Hakuna anayenisikiliza. Chai yamiminwa.

Kiti cha nne kilikuwa cha Famau.
Famau alileta ile ile, wiki baada ya wiki:
saksafoni, lebo imebanduka, jalada si lake,
picha ya bibi mwenye gauni la kijani asiyehusika na lolote.
Jina la mpigaji hatukulijua. Tulimwita Yule.
"Leo nani?"
"Leo Yule."
Na upande wa kwanza, katikati, palikuwa na mkwaruzo;
hapo Yule alikwama, noti nne,
noti nne, noti nne, noti nne,
mpaka Famau anyanyuke
auguse mkono wa gramafoni kwa kidole kimoja,
taratibu, kama unavyomwamsha mtoto wa watu.

Alikufa Rajabu. Sukari.
Alhamisi tatu hatukufungua kitu.

Halafu Fakhruddin akaipata nyingine, kwa mtu wa Mombasa.
Yule yule! Nzima, yang'aa kama kiatu cha Idi.
Tukaiweka. Tukanyamaza.
Na usiku huo ndio Bi Mwanaheri, eda imekwisha,
alikuja kurudisha bisibisi ya dukani
aliyoikuta katika koti la marehemu.
Hakuketi. Alisimama kwenye mabati, buibui limekusanywa mkononi.

Santuri ikafika pale.
Noti nne. Ikapita.
Ikaenda zake, laini, kama mtu asiyetujua.

"Mmekosea," akasema.
Tukageuka.
"Hapo huruka.
Miaka ishirini na miwili naisikia ukutani nikikuna nazi.
Hapo huruka, nami nakuna: kwa, kwa, kwa, kwa,
mpaka anyanyuke.
Hii yenu haina mtu."

Nyevu akauliza ile ya Famau iko wapi.
"Ipo. Imefunika mtungi."

Wiki iliyofuata aliileta, imefungwa kwa khanga,
duara la maji limekauka mgongoni mwake.
Fakhruddin aliipangusa kwa ncha ya kanzu, akashusha sindano.
Chokaa ya maji ikachacharika kama mafuta karaini,
kisha Yule, kwa mbali, akaja.
Kinanda cha Nyevu kilibaki kwenye jalada usiku ule,
na tarumbeta yangu pia.

Noti nne.
Noti nne.
Noti nne.
Nikasukuma kiti ninyanyuke.
"Muache kwanza," akasema Bi Mwanaheri,
na mkono wake wa kulia, juu ya goti,
ulikuwa unakuna.