Zamu Imekwisha

Saa kumi na mbili unusu, king'ora kilipolia,
Kerubo alinishika mkono uliojaa unga, akasema:
Mbithe, leo hatulali.
Miaka kumi na mmoja tumeuokea mji huu mkate
na hatujauona ukiula.

Tukavua kofia za karatasi. Tukaenda kwa miguu
kutoka Lunga Lunga, viatu vikiacha nyayo nyeupe
zilizoishia karibu na Stesheni ya Reli.

Makumbushoni tulikuwa sisi wawili na magarimoshi yaliyopoa.
Kuna behewa pale: simba aliliingia usiku, huko Kima,
akamtoa bwana mmoja kupitia dirishani.
Alikuwa zamu. Alisinzia.
Kerubo alilipapasa lile dirisha, akaanza kupiga mwayo,
akauziba upesi kwa kiganja.
"Kima si ndiko kwenu?"
Ndiko, nikamwambia, lakini bibi hakunihadithia habari hii.
Yeye alikuwa na simba wake: kodi, ukame, babu.

Mandazi ya kwanza, Barabara ya River.
Nililipasua moja. Ndani pango, upepo mtupu.
"Hamira nyingi, subira kidogo," Kerubo akakata hukumu
kama hakimu anayetaka kwenda nyumbani,
kisha akala yake mawili
na langu akaling'ata pembe moja, kuthibitisha ushahidi.

Karibu na Msikiti wa Jamia, Bi Zamzam
alikuwa na kaimati ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa,
shira imeshikana, iliki inakufikia kabla ya salamu.
Hapo Kerubo hakusema neno.
Namjua: akinyamaza, ameshindwa.
Tulizila mbele ya maktaba, miguuni pa simba wa mawe,
vidole vikigandana.
"Hawa angalau hawasinzii," nikasema.
"Hawa hawajawahi kuamka," akanijibu,
akamfuta mmoja vumbi puani kwa leso yake.

Tukapanda hadi Ngara kwa sababu ya jalebi tu.
Mzee mwembamba, Hasmukh, alikuwa akimimina uji wa unga
kwenye mafuta, anaandika, anaandika,
barua ndefu ambayo hakuna atakayeisoma.
Akaona mikono yetu: mistari ya sinia za moto,
mmoja juu ya mwingine, mpaka kwenye kiwiko.
Hakuuliza.
Alipandisha mkono wa shati lake, akatuonyesha yake,
akaongeza jalebi mbili gazetini.

Jua lilikuwa limeshatulemea tulipofika Bustani ya Jeevanjee.
Kijana wa chai ya chupa alikuwa na skonzi kapuni.
"Chukueni hizi zenye tundu," akasema.
"Wateja huzigombania. Ndizo laini."
Nani huzitengeneza?
"Sijui. Huja na lori, usiku."

Kerubo aliichukua moja, akaigeuza.
Pembeni, kishimo kidogo.
Unga ukishaumuka huwa anaubonyeza kwa gumba la kushoto
kuona kama utarudi juu,
na kila sinia ina moja isiyorudi vizuri.
Msimamizi amemkatia mshahara mara mbili kwa hilo.
Akaweka gumba lake ndani ya kile kishimo.
Likaingia. Likakaa kama mtu aliyefika kwake.

"Shilingi ishirini," kijana akasema.
Tukalipa ishirini. Hatukupunguziwa.

Aliila polepole, macho mbele,
akatamka, "Chumvi imezidi kidogo,"
na kabla ya kumaliza chai alikuwa amelala
kwenye benchi, kichwa begani pangu,
makombo kifuani.
Mhubiri alikuwa akipaza sauti upande wa pili wa bustani.
Korongo mmoja, upara wake mwekundu, alitua karibu,
akapiga hatua mbili, akayatazama yale makombo.

Saa tano zilibaki kabla ya zamu.
Nikafumbua macho kwa nguvu.
Si leo, nikamwambia ndege.