Ki, Halafu Moto

Mimi ni mchora vibao, Nyendo, upande wa gereji za pikipiki.
Kinyozi, Duka la Dawa, Usikojoe Hapa:
herufi hizo zote ni za mkono huu,
na hakuna hata moja iliyozaliwa mara moja.
Kwanza rula, penseli, utepe wa kubandika,
kisha rangi, kisha tapentaini ya kufuta aibu,
kisha rangi tena.

Kiswahili nilipewa na kambi, baba akipiga tarumbeta jeshini.
Kiganda nilipewa na nyanya.
Lugha ya tatu sikuwa naitafuta.

Akaja Bi Mitsue, Mjapani, mwalimu wa wakunga,
miwani yake imefungwa uzi,
akitaka lubugo kwa mjomba wangu Lwanyaaga.
"La kuzikia?" mjomba akauliza,
maana siku hizi wengi hununua wakiwa na msiba.
"La kuandikia."
Mjomba akaweka nyundo chini.

Alisaga wino kwenye jiwe, maji kidogo, akasaga,
akasaga mpaka chai yetu ikapoa;
mteja wangu angekwisha ondoka.
Brashi akaishika wima kama mshumaa,
kiwiko hewani, hakigusi kitu.
Akavuta pumzi, akaiweka.

Mlalo mmoja.
Wima mmoja, ukaupasua mlalo.
Mkato ukateremka kushoto, ukikonda kama mkia wa panya,
mwingine kulia, ukanenepa, ukakanyaga, ukaondoka.
"Ki," akasema.
Nikangoja neno limalizike.
Kwangu *ki* ni mlango tu: kijiti, kitanda, kifo,
lazima kitu kifuate.
"Ki," akarudia. "Mti. Limekwisha."

Kisha chini, shinani, akaweka mstari mfupi kama ukucha.
"Moto."
Niligeuka kutazama jiko.
Akacheka hadi miwani ikamdondoka.
Kwao *moto* ni asili, ni pale mti unapoanzia,
na alama hiyohiyo, ukiisoma kwa sauti nyingine,
ni kitabu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama nje,
kwenye mutuba uliochunwa asubuhi ile:
shina tupu, jekundu, limefungwa majani ya mgomba
kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa,
lipone, lijifunike upya mwakani.
Mjomba huanza kwa pete mbili za kisu,
moja juu, chini ya matawi,
moja huku chini, palepale.
Nani alimwambia mtu wa kale wa huko kwao
kwamba ukitaka kusema asili
unatia kovu kwenye mguu wa mti?

"Hapa umekosea," nikamwonyesha,
mkato wa kulia, wino ulipokauka
na nyuzi za lubugo zikachungulia katikati.
Nikamsogezea kijiwe cha wino aongeze.
Akaficha mikono nyuma kama mtoto.
"Haiongezwi. Hapo mkono ulikuwa unakimbia.
Ukijaza, unadanganya kwamba ulisimama."

Aliandika vipande tisa, akachukua kimoja.
Vinane mjomba amevikunja kabatini.
Haviuzi. Nikimuuliza ni vya nani
ananiambia nimshikie ngazi.

Jana nimepata kibao cha Ssebugwawo, kinyozi.
Sikupiga rula.
Nilivuta pumzi katikati ya moshi wa bodaboda,
nikaishusha K, nikaishusha I,
nikasita. Mti.
Halafu nikaendelea, NYOZI, maana mtu alikuwa anangoja.

Mguu wa K ulitoka mkavu, mbao inaonekana.
"Rangi imekuishia?" akauliza,
mkono mfukoni, pesa bado zake.
Nikasema haijaisha.
Akasema basi punguza bei.
Nikapunguza.