Vidole Vitatu, Barabara ya Sita

Nilikuwa karani wa vifurushi, stesheni ya Dodoma.
Mizani ikisema kilo, naandika kilo.
Sikuwahi kuuliza ndani ya gunia kuna nini.

Mwaka wa nne huu niko kwa Bi. Kusumben,
nyuma ya duka lililokuwa la vitambaa,
na asubuhi yangu ni kinu:
tangawizi kavu, pilipili manga, binzari nyembamba.
Twanga, chekecha, rudia.
Mama alikuja toka Bahi, akanusa nguo zangu:
"Reli umeiacha uje uponde viungo vya pilau?"

Mwaka mzima wa kwanza sikugusa mkono wa mgonjwa.
"Ulimi wako kwanza," alisema bibi,
akanifunga macho kwa khanga, akanilambisha unga.
Cha joto, au cha baridi?
Kinakausha, au kinalainisha?
Nilikosea mwarobaini.
Mwarobaini! Mti wa nyuma ya choo chetu,
ambao fimbo zake nazijua kwa mgongo.

Kisha upepo.
Agosti, vumbi jekundu likiingia
hata kwenye chungu kilichofunikwa,
watu huja na magoti yanayolia,
usingizi vipande vipande,
visigino vimepasuka kama mbuga ya Bahi kiangazi.
"Mbukwenyi," anawaamkia, Kigogo chake kikali kuliko changu,
maana kazaliwa Mvumi, na ng'ombe wa jirani ndio walimlea.
Anapasha mafuta ya ufuta, ananisukumia bakuli.
"Polepole. Huoshi sufuria."

Mapigo ya mkono alinifundisha kwa beti za kale
za lugha isiyokaa kinywani mwangu.
Zilimwagika kama mtama kwenye gunia bovu.
Basi usiku, Chang'ombe, taa imekatika,
nikajitungia za kwangu:

Upepo mwendo wa nyoka, apitaye mchangani,
Nyongo ni chura karuka, mvua ikija bondeni,
Kohozi, bila haraka, korongo wa mpungani,
Vidole vitatu weka, usikize mkononi.

Bi. Kusumben alicheka hadi miwani ikamvuka.
"Kitabuni hakuna korongo. Ni bata maji, mweupe."
Bata maji mimi sijamwona.
Korongo namjua, anavyoinua mguu
kana kwamba tope ni deni.
Akanyamaza, akaushika mkono wake mwenyewe kwa muda.
"Haya. Korongo."

Jumanne moja akaingia Mzee Chilewa wa Hombolo,
mkulima wa zabibu, kofia mkononi.
Kiungulia, alisema, tangu alfajiri,
labda ule mlenda wa jana. Nipeni unga.
Bibi alinitazama mimi. Nikaweka vidole.

Nyoka hakuwepo. Chura hakuwepo.
Nikamsubiri korongo.
Kilichokuja ni kile nilichokisikia miaka sita stesheni,
behewa likigonga behewa,
kimya,
kisha mawili kwa pamoja,
kisha kimya kirefu kuliko kinavyopaswa.
Jasho lake lilikuwa baridi. Nje jua lilikuwa la saa saba.

Nyuma yangu chupa sabini na mbili,
nyingine nimezijaza kwa mikono hii.
Nilizitaka. Mungu anajua nilivyozitaka.
"Hili si la kwetu," nikasema. "General. Sasa hivi."
Sauti ilitoka ndogo, ya karani.

Bibi tayari alikuwa mlangoni akiita bajaji.

Sikuuachia ule mkono hadi mlango wa wagonjwa mahututi,
ambapo kijana mwenye koti jeupe aliniuliza
mimi ni nani wa mgonjwa,
nikakosa neno.

Niliporudi hakusema nimefaulu.
Tangawizi ilikuwa bado kinuni, nusu imepondwa,
na vumbi limeshaanza kuikalia.
"Chekecha upya," alisema.

Mwezi uliofuata ikaletwa ndoo ya zabibu, bila barua,
chachu bado, zimechumwa mapema mno.
Tulizila zote tumesimama,
tukikunja nyuso.