Vibua wa Mwezi wa Tatu

Mwaka ule joto halikutaka kuaga.
Lilikaa Kunduchi kama mgeni aliyekwisha kula
na bado anaulizia chai.
Mkungu wa mnadani majani yake yameiva,
mekundu, mapana kama viganja,
yakidondoka moja moja juu ya meza za samaki
na hakuna aliyeyafagia.

Alhamisi, kabla ya adhana ya alfajiri,
vibua wakaingia.
Sisemi wengi. Wengi ni neno la siku za kawaida.
Nasema matenga yalikwisha, ndoo zikaisha,
beseni la kuogeshea mtoto wa Sikudhani likachukuliwa uani
(nililichukua mimi, bila hodi),
na bado mashua ya Kondo ikabaki majini,
imelalia ubavu kwa uzito,
haina pa kumimina.

Na barafu hakuna.
Mtambo ulikufa Jumanne. Fundi alisema kesho,
na kesho ya fundi mnaijua.

Saa moja tenga lilikuwa elfu thelathini.
Saa tatu, kumi na mbili.
Saa nne dalali Chaurembo, mwenye sauti ya kupasua nazi,
akanyamaza katikati ya bei,
akajipangusa uso kwa kofia,
akasema, "Jamani, chukueni. Mtanilipa mkikumbuka."
Miaka arobaini na moja niko pwani hii,
sijapata kumsikia akitamka hasara
bila kuapa kwanza.

Basi tukachukua.
Massawe wa dukani alizitoa soda zake kwenye friji,
akazisimamisha juani kama wanafunzi wa mstarini,
akapanga vibua.
Hadi Idi tulikunywa soda yenye harufu ya bahari
na bei ilikuwa ileile.
Mwalimu Nyangoma, mtu wa Bukoba,
anayeshikilia kuwa samaki ni wa ziwa, hawa wengine ni chumvi yenye macho,
alikunja sketi, akakalia kinu kilichopinduliwa,
akaparua mpaka magamba yakamng'aa nyusini.
Waliopasuliwa ng'onda walianikwa juu ya paa la ofisi ya mtaa;
mtendaji mwenyewe alishika ngazi.

Makarai kumi na saba, niliyahesabu.
Moto wa vifuu, moshi wa makumbi,
macho yanatoka machozi yasiyo na msiba.
Kunguru walishiba hata wakaacha wizi,
wakawa wanatembea katikati yetu, mikono nyuma,
kama wajumbe wa nyumba kumi.
Kule kwenye mikoko maji yalikuwa yametoka mbali,
tope linapumua, linatoa vipovu,
na kaa wa gando moja walitupungia
kana kwamba nasi tuna nafasi ya kupunga.

Alasiri kivuli kikanisimamia.
Sikudhani.
Tangu masika yaliyopita hatusemezani, mimi na yeye;
chanzo ni kamba ya kuanikia nguo,
na ukiona kamba imewafikisha watu hapo
ujue haikuwa kamba.
Nikadhani amefuata beseni. Nikatayarisha maneno,
nilikuwa nayo ya akiba.
Akachuchumaa. Akachukua kisu kingine.
Tukafanya kazi hivyo, goti kwa goti,
samaki wa arobaini, wa sitini,
mpaka akasema, hakuniangalia,
"Geuza. Wanaungua."

Nikageuza.

Jioni kumbikumbi walitoka ardhini bila kualikwa,
wakaizunguka taa ya Massawe, wakaacha mabawa kwenye mizani.
Halafu tone moja likaangukia karai langu.
Mafuta yakalia chwaa!
Sote tukainua vichwa, tukangoja la pili.
Halikuja usiku ule.

Fundi alikuja Jumamosi, ana vifaa vyote.
Chaurembo amekwisha kulipwa, karibu chote.
Beseni bado liko kwangu.
Hajaliulizia.
Nami kila nikipita mlangoni kwake
nasema ninalileta.