Tanuri la Kangemi

Sista Remedios alifika na begi moja la turubai,
konzi ya kokwa za zeituni zilizogoma kuota,
na muhuri wa mti uliokuwa wa mamake.
Miaka thelathini na minane akatibu macho ya watu Kangemi.
Kila ilipofika tarehe kumi na sita Agosti
alisimama uani miguu mitupu, akitazama kaskazini,
upande ambao mimi najua kuna kibanda cha mkaa tu.

"Kwetu," alikuwa akisema, "mji umekaa kilimani kama kofia ya kuazima.
Njia nyembamba: punda wawili wakikutana
mmoja sharti arudi kinyumenyume,
lakini wenyewe kwanza waamkiane,
wahesabiane mazishi na harusi,
ndipo waamue ni punda yupi."

Mimi Nyaboke, mpishi, mzaliwa wa milimani pia,
nilicheka. Nilimjua huyo punda.

Siku moja akachora duara kwa mkaa
kwenye sakafu niliyotoka kuidekia.
Tanuri. Saruji akaikataa.
Musyimi akaleta mawe ya Njiru, akakanda udongo
na mavi ya punda wa wauza maji,
akinung'unika kwamba yeye alisomea maghorofa.

Kule, alisema, tanuri lilikuwa moja, nyumba mia;
kila mama aliupiga mkate wake chapa usipotee.
Chapa yao: ndege asiye na miguu.
Babu alianzia kichwani, mti ukamwishia.

Kisha barua ya mpwa wake. Akaisoma kimya,
halafu akanisomea kwa Kiswahili, polepole, kama anayetoa mwiba:
wamebaki watu kumi na mmoja,
kengele inapigwa na umeme,
tanuri limekuwa chumba cha wageni, kina kitanda na runinga.
"Runinga," alirudia.
Akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Tulimzika Machi, mvua ikichelewa.

Agosti nimewasha kuni peke yangu. Moshi ukasema na majirani.
Akeyo kaja na donge lake, kalichoma kwa uma mara nne.
Halima kagandamiza pete. Musyimi, dole gumba,
na anaapa atalitambua.
Wangu una ndege.

Mtoto wa Halima kaushika ungali moto,
anaurusha mkono huu, mkono huu.
"Miguu yake iko wapi?"
Kula kwanza, nikamwambia.