Nukta ya Pili

Wameniita niseme na wanafunzi wa ubunifu,
chuo cha Al-Khuweir, ukumbi wenye baridi
ya kuvalia sweta Maskati mwezi wa Juni.
Nasaha nilizoandika zina nukta saba.
Karatasi nimeikunja. Nitawapa moja.

Muzna, mstari wa mbele, keshauliza:
"Tujifunze programu gani?" Kijana nyuma yake:
"Mshahara wa kuanzia?" Na wa tatu, kwa sauti ya chini:
"Mashine ikichora yenyewe, sie tutakula wapi?"
Ngojeni. Nianze na chui.

Miaka ishirini na mitatu nilikuwa nayo, Ruwi,
ghorofa ya pili, juu ya duka la saa,
kampuni ya matangazo yenye meza nne na birika moja.
Akaja Hamdun wa Birkat al-Mauz,
ana mitende mia tatu na kiwanda kipya, anataka boksi.
"Liandikwe *tende* tu," alisema, "linanitosha."
Tu!
Mie niliyetoka chuoni juzi, na tuzo ya kioo,
hiyo "tu" niliiona tusi.

Neno nikalichora wiki tatu.
Herufi tatu: te, mim, re.
Nikazinyoosha, nikazikunja, nikazisuka,
na juu ya te nukta mbili zikanikera,
zimebanana kama wapangaji wasiosemezana.
Nikafuta moja.
Nikarudi nyuma hatua mbili, nikajipenda.

Mpiga chapa, Sudhakaran, mtu wa Kerala,
Kiarabu alikijua kwa macho, si kwa ulimi.
Aliichukua karatasi akaipeleka dirishani.
"Bibie, kwenye maboksi ya wengine, hapa ziko mbili."
Nikamwambia, "Wewe piga chapa."
Nalirudia kwenye maikrofoni
mlisikie lilivyo baya.

Maboksi elfu sita.
Alhamisi magharibi yakashushwa kiwandani,
na mtoto wa Hamdun, ndiyo kwanza anajifunza kusoma,
akasimama mbele ya mnara wa maboksi, akapaza sauti:
"Chui. Chui. Chui wa daraja la kwanza."

Wanacheka. Muzna anaandika hewani kwa kidole:
ukiondoa nukta moja te huwa nuni,
tamri huwa nimri,
tende huota makucha.

Hamdun hakufoka. Angefoka ningefarijika.
Alisema tu, "Tende zangu hazijamng'ata mtu bado,"
akanisogezea kahawa.

Ijumaa usiku, sakafuni kwa Sudhakaran,
vibandiko vya dhahabu, vidogo kama punje za mtama:
mie, yeye, Rafiq mfagiaji wa jengo,
na mama yangu na miwani yake ya kamba,
tukabandika nukta ya pili, boksi kwa boksi,
nyingine zimekaa kombo kama jino la mtoto.
Karibu na alfajiri mama akasema, bila kuinua macho:
"Kuuliza si ujinga, mwanangu.
Ila we hukutakiwa hata kuuliza.
We uliulizwa."

Haya, maswali yenu.
Programu: yoyote. Itabadilika kabla hamjamaliza ada.
Mshahara: mdogo. Utajeni mwanzo, kwa sauti;
mie niliona haya, nikala haya mwaka mzima.
Kazi zenu zionyesheni zingali mbichi, mficha uchi hazai,
na mtu wa kwanza kumwonyesha
awe yule mwenye wino kwenye kucha.
Mashine? Itakuchorea chui mzuri,
kila doa mahali pake,
na haitajua kwamba uliomba tende.

Muzna kanyoosha mkono tena.
"Sudhakaran yuko wapi sasa?"

Karudi kwao. Ana wajukuu, na mgongo unamuuma.
Kila mwaka tende zikianza kuiva
simu yangu hulia, ujumbe wake.
Hajawahi kuandika neno.
Nukta mbili.